Alhamisi Waliyoketi Nyumbani Kwetu

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi na ninyi mliosimama mlangoni! Naitwa Sidi. Kabla sijasema neno lolote nataka kuwataja waliokuwapo siku ile, kwa maana niliishi muda mrefu nikidhani sina mtu wa kumtaja. Alikuwapo Mama Karisa, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alikuwapo Mzee Yosefu, katekista, na jumuiya yote nyuma yao. Alikuwapo Bi. Mwanasha, jirani yetu Mwislamu, amesimama jikoni kwetu na vikombe vyake. Walikuwapo wadogo zangu, Baraka na Riziki. Na alikuwapo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyekuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo za Riziki.

Ndugu zangu, wengi mnajua yaliyotupata. Baba alitangulia tukiwa wadogo. Mama alitulea kwa kuponda kokoto kwenye timbo la mawe kule Mwakirunge. Mvua kubwa ilipoloanisha ardhi, ukuta wa timbo ukamwangukia. Vibarua wengine walikimbia, na siwalaumu, nani asingekimbia? Mtu mmoja tu alirudi: Baba Dama, mwenzake wa kazi. Alikuwa akimfukua mama kwa mikono yake ukuta ulipoanguka mara ya pili. Tukazika wawili.

Parokia hii ilitubeba! Mlichanga jeneza, mkaimba matangani, mkaleta unga na maharagwe. Mimi nilikuwa nimeacha shule zamani ili Baraka asome, nakaanga viazi karai kituoni. Pale kaburini nilimwahidi Mama kwamba hatutatawanyika. Nikajiambia, tutaweza.

Kisha tukaanua matanga, kila mtu akarudi kwake.

Nisikieni vizuri, sisemi kwa lawama. Unga uliendelea kuja. Lakini aliyeuleta aliuweka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni, wanangu," akaenda zake. Hakuna aliyeketi. Na mnajua sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Zilipofika kwa Mama Karisa nikafagia uwanja wetu, maana baada ya kwake ni kwetu. Alhamisi iliyofuata nikasikia nyimbo zikitoka nyumba ya ng'ambo. Walituruka. Walituruka kwa huruma: hawa ni yatima, tusiwalemee kwa chai. Zamu ikazunguka yote, ikarudi, wakaturuka tena. Riziki akaniuliza, "Dada, kwani sisi si nyumba?"

Ndugu zangu, njaa unaweza kumwambia mtu. Upweke utamwambia nani? Nilikuwa nikipita njiani watu wananyamaza. Hata wale waliokuwa wakinitania kwamba viazi vyangu ni vidogo kama kokoto za mama, waliacha. Walinunua, wakaniambia nisirudishe chenji, wakaondoka haraka. Nilitamani mmoja tu anitukanie viazi.

Ndipo baba mdogo akaja. Alisema watoto hawawezi kukaa kama kuku wasio na mwenyewe. Riziki ataenda kwake Mariakani, Baraka kwa shangazi, nami nitafute kazi ya ndani huko Changamwe. "Nyumba isiyoingiwa na watu haina mwenyewe," alisema. "Alhamisi ya wiki ijayo namfuata mdogo." Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokiona.

Nilimlilia Mungu nikiwa nasugua karai. Hakunijibu kwa malaika! Alinijibu kwa sauti ya Bi. Mwanasha, kutoka upande wa pili wa ua wa makuti.

"We Sidi, walia nini?"

Nikamweleza yote.

"Basi wangoja nini, mwanangu? Wenzio waona haya kuja, nawe waona haya kuwaita. Mutakaa hivyo mpaka lini? Nenda kawakaribishe! Vikombe n'navyo mimi."

Alhamisi ya wiki ile nikaenda kwenye sala ya jumuiya, na tulipomaliza nikasimama. Nikasema, "Wiki ijayo ni kwetu."

Mama Karisa akasema polepole, "Usijisumbue, mwanangu. Hata viti hamna."

"Tuna mkeka, mama."

"Mkeka wanifaa zaidi," akasema Mzee Yosefu. "Kiti nilichokalia kwa Mama Karisa kilivunjika, na mpaka leo ameninunia."

"Si kiti tu," akajibu Mama Karisa, "na kikombe ulikiangukia!"

Watu wakacheka. Walikuwa hawajacheka mbele yangu tangu msiba.

Nao wakaja! Walijaa ndani, wakamwagikia uwanjani, viatu vikaziba mlango. Tulikuwa katikati ya rozari baba mdogo alipofika na mfuko wake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba aketi kwanza. Hakuwa na pa kupita bila kumkanyaga mtu. Akaketi mkekani, na Bi. Mwanasha akampa chai.

Sala ilipokwisha, akatazama huku na huku akasema, "Mimi nilidhani watoto hawa wako peke yao."

"Hata sisi tulidhani hivyo," akajibu Mama Karisa, na machozi yakamtoka. "Lakini sasa, baba, nyumba hii imo katika zamu yetu. Ukiwatawanya hawa, tutasali kwa nani?"

Baba mdogo alimaliza chai yake yote. Alipoondoka, mfuko ule ulikuwa na viazi karai vya watoto wake, basi. Riziki akamsindikiza hadi njiani, akarudi akikimbia. Haleluya!

Sitawadanganya kwamba upweke umekwisha. Bado kuna jioni natoka kituoni nikinyoosha shingo, namtafuta Mama njiani na vumbi lake jeupe la mawe. Lakini tuko watatu chini ya paa moja. Asante Mungu! Asanteni wapendwa! Na wewe uliyejificha huko nyuma, unayepelekewa pole lakini huketiwi, mwamini Bwana ufungue mlango. Kawaite watu.

Limebaki deni moja. Baba Dama hakuwa wa kanisa letu wala wa msikiti wowote, kwa hiyo jina lake halikuwahi kutajwa hapa kabla ya leo. Mkewe bado yuko Mwakirunge, anaponda mawe kwenye timbo lile lile. Juzi tulikutana njiani. Tulisalimiana, kila mmoja akatazama chini, na nikaijua haya ile, maana niliishi nayo.

Hajatuita. Lakini Alhamisi hii nitakwenda na mkeka wangu nikaketi kwake. Atakayeweza na tufuatane. Mumewe alirudi kwa ajili ya mama yangu, nami mpaka leo sijaenda kwa mkewe.