Ofwono Paddy na Safari ya Watu Wanne

Ndugu yetu Ofwono Paddy alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984 hapa Molo, wilaya ya Tororo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Okumu na Mama Apendi. Alisoma hapahapa mpaka karo ikaisha, kisha akajifunza ufundi wa magari Tororo mjini na kuhitimu mwaka 2005.

Kuanzia 2006 alitengeneza malori mpakani Busia. Madereva walimjua kwa miguu, maana muda mwingi ndiyo iliyoonekana chini ya gari.

Mwaka 2014 alianza kuishi na Loy wa Bulumbi, aliyekuja na watoto wawili: Patience, miaka mitano, na Elvis, miwili. Hawakufunga ndoa, na ng'ombe wa mahari hawakupelekwa. Ukoo ulisema mengi juu ya hilo, na mimi, dada yake Justine, nilisema zaidi ya wengi. Naomba radhi.

Mwaka 2019 aliomba kuhamia Kanada na familia yake, kwani huko mafundi wa malori wanatafutwa. Zikatakiwa barua za kuthibitisha kwamba yeye na Loy wanaishi pamoja, na saini ya Nashon, baba mzazi wa watoto, aliye upande wa Kenya. Nashon alimzungusha miaka minne. Makoti ya baridi ya watoto, ya mitumba, yalinunuliwa mara tatu, kwa sababu watoto walikua na faili halikusogea.

Mwaka 2022 alikubaliwa yeye na Loy, bila watoto. Tulimsihi aende, watoto wabaki kwa bibi yao Bulumbi. Akanijibu, “Justine, hao watoto nimelea mimi. Kama wanabaki, na mimi nabaki.” Akarudi chini ya lori.

Nashon alitia saini Januari 2024. Kilichobaki kilikuwa vipimo vya afya vya safari, na hivyo ndivyo vilivyoonyesha kwamba figo za Paddy zimekwisha. Faili likafungwa. Alisafishwa damu mwaka mmoja na nusu, akaenda na kurudi, akachoka, nasi tukachoka naye. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, Loy akiwa kando yake.

Jana kikao cha ukoo kilitaka karatasi hii ya mazishi iandikwe “watoto wa Loy”, na watoto hao wasitupe udongo kaburini. Sikubishana, sina nguvu hizo. Nilileta faili la Kanada nikawasomea. Kwenye nafasi ya watoto, Paddy aliandika kwa mkono wake: “Wawili. Wangu.” Wazee wakaniambia niandike hivyohivyo.

Marehemu ameacha mama, Apendi, dada, Justine, mke, Loy, na watoto wake wawili, Patience na Elvis. Udongo wa kwanza atatupa Patience.

Mungu ampe Paddy pumziko lisilodai fomu.