Kijani Ambayo Hatukuenda Kuona

Mheshimiwa Chifu, Mwenyekiti wa bodi ya ushirika wetu Mzee Bichage, Injinia Cephas, mkubwa wetu sisi mafundi, wakulima wa karanga kutoka Kisegi, Macalder na hapa Rodi Kopany, na zaidi wewe Madam Nyanchoka, meneja wa mradi wetu, ambaye leo tunakuaga ukistaafu: oyawore uru, hamjambo nyote.

Mimi naitwa Okari. Mimi ndio nilivuta waya za hizi mashini na kupanda mlingoti kufunga antena. Kuongea mbele ya watu si kazi yangu. Mnaona hii karatasi, nimeandika mpaka nyuma. Lakini Madam alisema ripoti ya mwisho ya mradi nisome mimi. Na asubuhi, tukipanga viti, Injinia aliniita kando akaniambia, "Omera, ndugu yangu, leo kuna wageni. Sema vituo vyote ni kijani, ukae chini, tukule." Nikamwambia sawa. Hiyo sawa ndio nataka tuongee juu yake kwanza.

Wageni wetu, mradi ni hivi: mkulima akileta karanga kituoni, mashini inapima, kilo zinaenda zenyewe mpaka ofisi ya Homa Bay, na mkulima anapata ujumbe kwa simu papo hapo. Kusema ni rahisi. Lakini vituo ni vitatu, barabara mnazijua, na Madam ni mtu mmoja. Kwa hivyo kila Ijumaa, kabla jua iingie na wengine wetu waanze Sabato, kila kituo kilikuwa kinatuma rangi. Kijani, kazi inaenda vizuri. Njano, kuna shida. Nyekundu, kazi imekwama.

Na sisi mafundi mnatujua. Mkituuliza kazi imefika wapi, huwa tunasema nini? Imebaki kidogo! Eeh, mmejibu wenyewe.

Mimi nilikuwa Macalder, kule karibu na mpaka wa Tanzania, na Ijumaa tatu nilituma kijani. Shida nilikuwa nimeiona, sitadanganya. Lakini shule niliachia darasa la sita, na kalamu nyekundu naijua tangu huko. Kila mahali ilipita kwa kitabu yangu, nilichapwa. Sasa mtu kama mimi ataandikaje nyekundu, na vituo vingine vyote ni kijani, na zimebaki siku tisa tu vitabu vya zamani vifungwe, mashini ianze?

Madam akakuja na pikipiki, bila kupiga simu. Hakuuliza imefika wapi. Alimwona Mama Achieng, mkulima wa pale, amekalia gunia lake la karanga, akamwambia, "Mama, hebu tupime hiyo." Mashini ikasoma kilo themanini na mbili. Netiwaki imejaa, mistari yote. Tukangoja ujumbe kwa simu ya Mama. Tukangoja tena. Madam akapigia Homa Bay. Hakuna kitu imefika. Ndio akainama, akasoma ile kioo kidogo ya mashini: Karibu Tanzania.

Mama Achieng akashika kiuno. "Yawa! Karanga yangu imevuka mpaka bila kitambulisho, na mimi mwenyewe niko hapa?"

Watu walicheka mpaka wachimba dhahabu wa pale jirani wakasimama kuangalia. Madam hakucheka.

"Okari, ulijua mashini inashika netiwaki ya ng'ambo?"

"Nilijua, Madam."

"Tangu lini?"

"Ijumaa tatu."

Nilingoja anifukuze. Akatoa karatasi, akanipa kalamu yake. "Andika venye umeona."

Nikaandika nyekundu. Injinia, usinune, ulinipigia simu jioni ukaniuliza, "Wewe ni wa kushika waya, nani alikupa kalamu?"

Sasa sikilizeni. Bodi ilikaa Jumatatu. Niliitwa nije nijibu maswali, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Madam alianza na hiyo nyekundu, kabla ya kitu ingine yoyote. Mzee Bichage, uligonga meza mpaka chai ikamwagika. "Nani alituletea kijani Ijumaa tatu?" Miguu yangu ikaanza kusimama yenyewe. Madam akasema, "Ni mimi, Mwenyekiti. Niliwaletea rangi ambayo sikuenda kuona. Sasa nimeona, na naomba mtuongeze wiki tano." Hakugeuka kuniangalia hata kidogo. Angesema tu Okari, na Okari angeenda nyumbani, na ni nani hapa angeuliza Okari alienda wapi?

Mzee, ulitoa wiki tatu, na zilitosha. Injinia alipanda mlingoti na mimi, na tai yake shingoni, tukageuza antena, tukafungia mashini netiwaki ya kwetu peke yake. Tangu hiyo siku kila rangi iko na jina kando yake, jina ya mtu ameenda akaona na macho. Na siku ya kufungua, ujumbe wa Mama Achieng uliingia gunia likiwa bado juu ya mashini, akazungusha hiyo simu kwa kila mtu kama picha ya mjukuu. Nilijivuna, na mpaka leo najivuna. Si watu wengi wamefanya kazi chini ya mtu anabeba nyekundu yake na ya mwenzake.

Madam, ripoti yako ya mwisho ni hii. Rodi Kopany, kijani. Nimeona leo asubuhi. Macalder, kijani, nimeona juzi.

Kisegi. Injinia, naona unaniangalia.

Kisegi ni njano. Betri inakufa saa nane mchana, na wakulima wa mbali wanafika saa tisa. Inatakiwa betri kubwa, moja. Jina kando yake ni Okari. Nilienda, nikaona.

Mwenyekiti, chai leo imewekwa mbali na wewe, nimehakikisha.

Madam Nyanchoka, ero kamano, asante sana. Pumzika salama, tutaendelea kuenda kuona. Na nyinyi wote, asanteni venye mmeniskiza mpaka karatasi ikaisha. Sasa tukule.