Fundi Subiri na Friji ya Nyumbani Kwake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, maana leo nina mengi mpaka sijui nianzie wapi. Basi nianze na lile la uchungu: Fundi Subiri ametutoka. Ndiyo, yule yule fundi friji wa nyuma ya stendi. Jina alipewa na wateja. Akishatengeneza friji yako, ukaingiza mkono ukalalamika mbona haijapoa, anafunga mlango taratibu anakwambia, "Subiri mpaka kesho."

Tulizoea kumwona na miwani kipajini, amelala kifudifudi nyuma ya friji za watu. Lakini iliyomtoa jasho kuliko zote ni friji ya nyumbani kwake. Mkewe alikuwa akigandisha barafu za juisi kwenye friza ya juu, anauza. Mama mzazi wa fundi alikuwa akihifadhi dawa yake ya sukari, ile ya sindano, kule chini. Friji moja, wanawake wawili. Mnacheka, eh?

Msimu wa joto barafu zikawa hazishiki. Mke akazungusha swichi ya juu mpaka mwisho. Barafu zikawa mawe. Kule chini, pole pole, kukaanza kupata joto. Maziwa yakachacha. Mama akajichoma dawa iliyoharibika, sukari ikapanda, akalazwa. Aliporudi akasema wazi kwamba mkwewe anachomoa friji makusudi, na kwamba hawatalala tena chini ya paa moja. Mke naye hakubembeleza. Akaanza kukunja nguo.

Huku mama, huku mke. Dada yake fundi anasema siku ile hata chai ilimshinda kaka yake. Hakumtetea mtu. Alikwenda kuikagua friji, akaiona ile swichi, akaelewa. Akawaita wote wawili jikoni, akawaketisha mbele ya friji iliyo wazi kama watoto wanaongoja katuni.

Akabana kwa kidole kile kitufe cha mlangoni, ili feni ya ndani idhani mlango umefungwa, iendelee kuzunguka. Akabandika karatasi laini kwenye tundu la hewa kule chini. Karatasi ikapepea. Akawaeleza kwamba baridi yote inatengenezwa juu, feni inaisukuma, na sehemu yake inashuka kupitia tundu hilo. Kisha akamwambia mkewe azungushe swichi ya juu mpaka mwisho, vile vile alivyofanya. Karatasi ikalala.

"Umeona, mama? Hakuchomoa kitu. Ukizidisha huko juu, njia ya kushuka inabanwa."

Mke akalia, akasema hakujua. Mama akakohoa kidogo.

"Na mimi hizo barafu nilikuwa nazila kwa siri," akasema. "Sukari nayo ilikuwa na haki ya kupanda."

Dada anasema fundi alishika kichwa, mke akacheka na machozi yake, na nguo zikarudi kabatini.

Juzi tumemzika, wasikilizaji. Tumemzika Fundi Subiri. Baada ya mazishi ndugu walimshauri mama ahamie kwa binti yake, huyo huyo dada wa marehemu. Mama akamshika mkwewe mkono, akawauliza, "Na huyu mwanangu nimwache na nani?"

Mama, poleni sana. Mke wa marehemu, dada yetu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu hapo nyumbani umeshamhukumu, kaa naye jikoni leo. Mwulize kwanza.