Mnyoo Usiokufa kwa Kuchemshwa

Kijiwe cha Kiirua ni benchi moja refu la mbao za mkaratusi, limeegemea ukuta wa bucha ya Elphas, na habari haipiti hapo bila kupimwa uzito kama nyama. Elphas mwenyewe huitwa Shoka, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake. Mbele ya benchi huketi Mwanatatu, mwenyeji wa Majengo ya Meru mjini aliyeletwa huku na ndoa, na jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Upande wa jua hukaa Gichovi, Mwembu aliyekuja kufanya kazi ya ofisi, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Huyo huitwa Redio, maana hana mahali pa kumzimia. Na siku hiyo, mwisho wa benchi, alikaa Kaari, mama Antony, gunia la nyasi mbichi chini ya miguu yake. Hakuja kunywa kahawa. Mwanawe alikuwa njiani kutoka Nanyuki, na Kaari alitaka akifika akute kijiwe kimeshasema neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa la ng'ombe. Kaari alikuwa na ng'ombe wa gredi, mweusi mwenye paji jeupe, ambaye kwa maziwa yake Kaari alikuwa akiketishwa kiti cha mbele hata kanisani. Ng'ombe huyo aliacha kula, akasimama amekunja mgongo kama mzee mwenye kiungulia, kidari kikavimba maji, akalala asiamke. Daktari wa mifugo alipofika alikuta shimo limeshafukiwa. Lakini kabla ya kumzika, Kaari alikuwa amemwita Shoka ampasue waone. Na katika lile tumbo lenye vyumba kama mzinga wa nyuki, Shoka alitoa minyoo ya ajabu, minene, ya kijani yenye madoa meusi kama pilipili manga, kila mmoja urefu wa kiganja. Pamoja nayo kulikuwa na kipande cha chuma kilichopinda, kimejichimbia kuelekea moyoni.

Kaari hakungoja kuelezwa. Mke wa Antony, Kinya, ni fundi wa cherehani. Chuma chembamba katika nyumba ya fundi wa cherehani ni nini kama si sindano? Jioni ile ile Kinya alifunga mtoto mgongoni akarudi kwa wazazi wake Timau, cherehani ikabaki imefunikwa shuka. Antony, ambaye huuza misumari na mabati katika duka la watu Nanyuki, alituma ujumbe mfupi: atakuja amsikie Shoka kwa masikio yake. Kama kitu kilitiwa kwa mkono wa mtu, Kinya akae huko huko. Kama sivyo, akirudi atashuka Timau amchukue mkewe na mtoto.

Kwa hivyo mkebe wa mafuta ya kupikia uliwekwa katikati ya benchi, minyoo ndani, na baraza likaanza.

— Huyu mnyoo nimemchemsha tangu asubuhi, Shoka alisema. Maji imekauka mara mbili. Hajakufa.

— Pengine hakuwa hai, Mwanatatu akasema, akimimina kahawa.

— Mwanatatu, wewe uza kahawa.

Shoka alikuwa na maelezo yake. Shida, alisema, ilianza siku watu wa Kiirua walipoacha kupeleka ng'ombe kwa fahali wakaanza kuita kijana wa pikipiki mwenye mbegu ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi. Mbegu imetoka ng'ambo, imelala kwa barafu. Nani anajua kitu gani kingine kimelala hapo nayo? Mnyoo wa kijani hajazaliwa hapa kwetu Buuri. Huyo ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone.

Redio alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Yeye alisema jambo ni kubwa kuliko ng'ombe mmoja. Kuna watu, na hakutaka kuwataja kwa sababu kuta zina masikio na hii ya bucha hasa, wanaotengeneza minyoo hii kwa mashine. Wanaimwaga usiku kwa ndege. Ng'ombe wa maskini wakishakwisha mlimani kote, tutanunua maziwa ya pakiti mpaka ya kulisha paka.

— Ndiyo wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi. Hawa walikunjwa wakiwa wabichi, huko huko maabara.

— Na chuma je? Kaari aliuliza.

Redio akasema chuma ni cha kupokea mawasiliano.

— Ya nani? Mwanatatu akauliza. Ng'ombe alikuwa anapigiwa simu?

Wakacheka, hata Shoka. Kaari hakucheka. Alivuta gunia karibu na kisigino chake, akaanza kusema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo wanawake wa rika lake huitumia wakitaka wanaume wainame. Alisema yeye hana ugomvi na mtu. Alisema amemlea Kinya kama aliyemzaa. Lakini kijiwe kizima ni shahidi kwamba yule msichana alikataa kumkatia ng'ombe nyasi. Mlinzi wa shamba la ngano huwaruhusu kina mama kukata nyasi ukingoni mwa bwawa, ukimpelekea uji wa moto. Nyasi ndefu, laini, hata wakati wa kiangazi. Kinya alikwenda mara moja, akarudi kidole kimechanika, akasema hakanyagi tena, eti ile nyasi ina takataka za wageni.

— Mtu ambaye hataki ng'ombe wangu ale, anamtakia nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanatatu aliangalia makaa yake. Kila siku kabla ya jua kuwa kali alikuwa akimwona Kaari akipita na gunia kutoka upande wa bwawa, na Shoka alimwona, na Redio alikuwa akimsalimia. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya nyasi. Walikuwa wameulizwa habari ya sindano, na sindano ni tamu zaidi.

Ikazidi kuwa tamu. Redio alikumbuka kwamba Kinya aliwahi kwenda Meru mjini peke yake akakawia. Shoka akakumbuka kwamba shangazi yake Kinya, yule wa Timau anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua, hazai. Redio akasema sasa mambo yanaanza kujipanga: mganga anakupa mnyoo wa mpira, unamdunga kwa sindano ya kushonea nguo za mwenye boma, unamficha kwa chumvi ya ng'ombe. Alisema haya yote bila kupumua, na alipomaliza yalikuwa yamegeuka kitu alichokiona kwa macho. Shoka akatikisa kichwa polepole.

— Baite, wenzangu, kwa kweli kile chuma mimi nilijua ni sindano tangu kwanza. Nilinyamaza tu.

— Utamwambia Antony hivyo? Kaari akauliza.

— Nitamwambia nilichotoa kwa mkono wangu.

Kaari akaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaomba kahawa.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Alikuwa kijana wa Nairobi, mchangamfu, jina lake Oscar. Gari lake lilikuwa ng'ambo ya barabara likizibwa pancha, na kofia yake ilikuwa imechomekwa ndoano ndogondogo pande zote kama nungu. Aliagiza nyama ya kuchoma robo kilo, akapewa kahawa, akasogezewa nafasi. Macho yake yakaangukia mkebe.

— Hee, hizi mmetoa wapi? Hizi si kama zangu?

Akafungua kisanduku chake. Ndani, imelala kwa mistari kama soseji, kulikuwa na minyoo ile ile: ya kijani, ya kahawia, mmoja wa zambarau. Hakuna aliyegusa kahawa. Oscar alifurahi sana kupata wasikilizaji. Aliwaeleza kwamba ni chambo cha plastiki laini, na kwamba kule kwenye bwawa la shamba la ngano mna samaki aitwaye besi, wa kijani, mdomo mpana kama mfuko wa koti, ambaye wageni hulipa kuja kumvua mwisho wa wiki. Alimshika mnyoo mmoja, akamtoboa kiunoni kwa ndoano fupi, ncha mbili zikaning'inia. Hufungi kipande cha risasi cha kuuzamisha, alisema. Unautupa, halafu hufanyi kitu. Hapo ndipo wengi hushindwa, kutofanya kitu. Unauacha ushuke wenyewe, ukitetemeka hivi.

— Samaki haumi kwa sababu ana njaa, shosho, alimwambia Kaari. Anauma tu kwa sababu kitu kimeanguka karibu na mdomo wake.

Mwanatatu alitaka kujua kama huyo samaki ni mtamu. Oscar akasema hajui, hawamli. Wanampiga picha wanamrudisha majini.

— Unamtoboa mdomo, unamwangalia, unamrudisha.

— Ndiyo, mama.

— Na yeye alikuwa amekukosea nini?

Oscar alicheka mpaka akamwaga kahawa kidogo. Shoka hakucheka. Alikuwa amechukua mnyoo mpya na kuugusisha ulimi.

— Una chumvi.

— Imejaa chumvi, Oscar alisema. Samaki akiionja haitemi haraka. Ila inachanika upesi. Samaki wawili watatu, unaitupa, unaweka nyingine.

— Mnaitupa wapi?

— Pale pale tu. Kwa nyasi.

Shoka alitoa mfukoni karatasi, akaifungua polepole. Ndani kulikuwa na kile chuma. Akakilaza kando ya ndoano ya Oscar, na hata Redio, ambaye haoni vizuri, aliona kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja tu alikuwa na kutu.

Walipomweleza habari ya ng'ombe, uso wa Oscar ulishuka. Alisema pole, akasema tena pole. Halafu akakunja uso, kama mtu anayejaribu hesabu ambayo jibu lake halimhusu.

— Lakini pale pana ua wa stima. Ng'ombe haingii. Hiyo nyasi, nani alikuwa anaikata?

Lori la viazi likapita, na vumbi lake likatua. Redio alikagua kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu chini. Shoka aliingia ndani kuigeuza nyama ambayo ilikuwa imeshageuzwa. Mwanatatu peke yake ndiye aliyeangalia gunia, halafu miguu iliyokuwa juu ya gunia, halafu akaangalia barabara. Fundi wa pancha akapiga mluzi. Oscar akalipa, akabeba nyama yake kwenye gazeti, akaaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake bila kujibiwa.

Antony alishuka kwenye gari la Nanyuki vumbi la Oscar likiwa bado hewani. Alisalimia wote kwa heshima, hakukaa; Kaari alikuwa ameshalifunika gunia kwa leso yake.

— Shoka, niambie. Kilikuwa nini?

Shoka alifuta mikono kwa aproni yake muda mrefu. Alisema ukweli wote wa chuma: kwamba si sindano, ni ndoano ya samaki, imetupwa na wageni bwawani, ikaja na nyasi, ng'ombe akaifuata kwa chumvi. Antony alisikiliza, na mabega yake yakaanza kushuka, kama mtu anayetua mzigo.

— Kwa hivyo hakuna aliyemuua.

— Aliyeleta nyasi ndiye aliyemuua, Kaari akasema.

— Nani alileta?

Kaari hakupepesa macho.

— Mke wako. Nani mwingine wa kukata nyasi pale nyumbani? Mimi na hii miguu?

— Aliniambia hakanyagi huko, mama.

— Wewe unakaa Nanyuki. Unaambiwa.

Antony aligeukia benchi. Alimwangalia Shoka, na Shoka akasema yeye ni mtu wa nyama, mambo ya nyasi hayajui. Alimwangalia Redio. Redio, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosa taarifa, alisema tu kwamba mambo ya boma la mtu ni ya boma la mtu. Mwanatatu alifungua mdomo, na Kaari akamtazama mtazamo mmoja, ule wa kumkumbusha mtu ni wa wapi na alikuja lini. Mdomo ukafungwa.

— Hata kama ni yeye, Antony alisema, si makusudi.

— Makusudi au si makusudi, ng'ombe amerudi?

Antony alisimama pale akigeuza ile ndoano yenye kutu kati ya vidole. Kisha akairudisha kwenye karatasi.

— Basi alinidanganya. Nikipita Timau nitafumba macho, alisema.

— Kunywa hata kahawa kwanza, mwanangu. Mwanatatu, mpe.

— Imeisha, Mwanatatu akasema.

Birika lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, mvuke ukitoka mdomoni mwake, na wote waliuona. Mwanatatu alilishika kwa kitambaa, akalimimina lote kwenye mtaro mbele ya miguu ya Kaari, tangawizi na vyote, akaanza kufunga jiko.

Antony alisimamisha gari la kwanza lililokuwa likielekea Nanyuki. Kaari akainuka, akajitwisha gunia. Ndama alikuwa bado hai nyumbani, na ndama hula. Shoka alimwita kwa nyuma, kwa sauti ambayo haikuwa yake, akamwambia mama Antony, hiyo nyasi ikung'ute kwanza. Kaari hakusimama. Kuikung'uta mbele yao kungekuwa kukiri.

Jirani aliyechungulia kwa ufa wa ua ndiye aliyeleta yaliyobaki. Alisema Kaari alifunga lango kwa komeo, akatandaza shuka ya cherehani uani, akapekua lile gunia unyasi kwa unyasi, mpaka giza, huku ndama akilia. Alipata mnyoo mmoja wa kahawia. Aliuzika chini ya jiwe la kunolea panga. Kijiwe kilimeza habari hiyo asubuhi yake pamoja na kahawa mpya, kikaitafuna siku nzima, na kila mmoja akaongeza chumvi yake. Magari ya Timau yalikuwa yakipita mbele yao, matupu, makanga wakiita abiria. Hakuna aliyeinuka kumpelekea Kinya habari.