Bi. Idah Mukonyo na Dakika Kumi za Saa Nne

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Bi. Idah Mukonyo, mnyapara wa wanawake wanaochagua kahawa katika kiwanda chetu cha Thika, anastaafu Ijumaa, tarehe 18 Desemba 1959. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye karani niliyefanya kazi naye kwa muda mrefu zaidi, na kwa kuwa karani mwingine alikataa.

Bi. Idah alizaliwa Ruiru, akaajiriwa mwaka 1931. Kazi ilikuwa ile ile ya leo: mwanamke anaketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni, akitenga buni mbovu na nzuri. Baada ya miaka kumi na minne alipewa unyapara. Amechelewa mara moja tu, treni ilipogonga ng'ombe, na siku hiyo alileta barua ya stesheni masta.

Mwaka 1954 alimwendea Bwana Nicanor, meneja msaidizi, akaomba dakika kumi kila saa nne asubuhi ili wanawake wake arobaini wasimame na kunyoosha viungo.

"Kwani wanachoka?" Bwana Nicanor aliuliza.

"La, bwana. Wanakaa."

Alipewa dakika hizo. Zilikatwa kwenye muda wa chai.

Mwalimu alikuwa Kimeu, mlinzi wa lango, koplo wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, ambaye hakujua mazoezi mengine ila ya askari. Siku ya kwanza walisimama wanawake thelathini na tisa. Siku ya nne, kumi na mmoja. Wengine walitaja magoti, wengine kanisa, na mmoja alisema mumewe hakuoa askari. Nafuna, aliyewapita wote kwa umri na kwa mwili, hakuinuka hata siku ya kwanza.

"Mimi nimezaa watoto saba," alimwambia Kimeu. "Wewe umezaa wangapi?"

Kimeu alihamia mstari wa nyuma.

Wiki ya pili alifika afisa mmoja na askari wawili. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na alikuwa ameambiwa kwamba wanawake wa kiwanda wanafundishwa kwata. Alitazama zoezi lote, mpaka wanawake waliposhika viuno wakitafuta pumzi. Akaandika kitu kidogo, akaenda zake, asirudi tena. Bi. Idah anasema hajawahi kudharauliwa hivyo maishani.

Alijaribu njia nyingi za kuwarudisha wenzake. Aliwahutubia, wakabaki tisa. Alitoa kipande cha sabuni kwa kila asiyekosa wiki nzima, wakarudi karibu wote. Sabuni ilipokwisha, nao wakaisha. Mwishowe aliwapanga wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa kumwinua benchini, akamshukuru Kimeu na kumrudisha langoni, ili waimbe nyimbo zao badala ya kuhesabiwa moja-mbili. Kufikia Krismasi walikuwa ishirini na sita. Nafuna hakuwamo.

Julai 1955 baridi ilikuwa kali. Kengele ya kutoka ililia, Nafuna akashindwa kuinuka. Wanaume wawili walimtoa kwa mkokoteni wa magunia mpaka langoni, mbele ya watu wote, naye akitazama mbele kama mtu aliyekodi gari. Kesho yake Bwana Nicanor alisema mfanyakazi asiyeweza kusimama hawezi kuwekwa kazini. Nafuna alikuwa mjane, na chumba alicholala kilikuwa cha kiwanda.

Bi. Idah aliomba miezi mitatu. "Asipopona, utuachishe kazi sote wawili," alisema. Ieleweke kwamba hakumwuliza Nafuna kwanza.

Nafuna alikasirika siku nne. Ya tano alisimama mara mbili, ameshika meza kwa mikono yote, machozi yakimtoka. Bi. Idah mwenyewe alikuwa mwenzake wa kumwinua. Hakumsifu wala hakumhimiza. Alisema tu, "Kesho tena," na kesho alikuwa pale. Nafuna alipojificha nyumbani, Bi. Idah alimfuata, wakafanya mazoezi uani, kuku wakitazama.

Oktoba, Bwana Nicanor alisimama juu ya ngazi za ghala akiwa na saa mkononi. Ngazi zile zina vidato ishirini na viwili. Nafuna alipanda bila kushikwa. Kufika katikati alisimama. Kisha akapanda vilivyobaki. Bwana Nicanor alisema, "Vyema." Alikuwa amesahau kutazama saa. Nafuna alilia, Bi. Idah alilia, na mimi niliingiwa na vumbi la kahawa machoni.

Mwaka 1957 Bi. Idah alipelekwa Ruiru kwa mwaka mmoja kufungua ghala jipya. Tulidhani mazoezi yamekwisha, na kwa siku tisa yalikwisha kweli. Siku ya kumi, saa nne, Nafuna aliinuka peke yake akaanza kuimba, kwa sauti ambayo hakuna kwaya ingeipokea. Jirani yake aliona aibu kumwacha hivyo, akasimama. Wa tatu akafuata. Leo wanasimama thelathini na wanne, na muda wa chai tumerudishiwa.

Jumatatu iliyopita wanawake walimwuliza Bi. Idah wazo hili alilitoa wapi. Tulijiandaa kwa hotuba. Alijibu kwamba mwaka ule wa 1954 alikuwa hawezi tena kuinama, na viatu vyake vilikuwa vikifungwa na binti yake kila asubuhi.

"Niliona haya kufanya mazoezi peke yangu," alisema. "Ndipo nikawaita ninyi."

Nafuna aliviangalia viatu vya Bi. Idah.

"Si ungesema tu," akamwambia.

Bi. Idah, tunakushukuru. Nenda salama Ruiru, uishi miaka mingi yenye afya, na kila saa nne usikose mtu wa kuinuka naye.