Risala ya Chumba cha Nzi kwa Mama Uji

Mgeni rasmi, mama yetu Mama Uji, shikamoo. Mkurugenzi tumemwomba leo akae kiti cha pembeni, naye hakununa.

KARIBU
Karibu koridoni. Viti tumevipanga huku nje kwa sababu chumba chenyewe hujakiingia tangu mwaka juzi, na sababu tunaijua.

TULIKOTOKA
Watu hutucheka kwamba tunasomea kufuga nzi. Lakini yai la nzi wa matunda, dogo kuliko punje ya mchele, lina jeni zinazopanga: hapa kichwa, hapa kifua, hapa mkia. Jeni moja ikikosea, miguu inaota usoni. Hayo tumeyaona kwa sababu nzi walishiba uji wako wa mahindi na hamira, miaka ishirini na sita. Tulipojaribu kuupika wenyewe tukaungua vidole, ulisema, "Nyie someni, jikoni niachieni."

MAFANIKIO
Kubwa tulilipata kwa aibu. Mwaka juzi mayai yaligoma kuanguliwa, na nzi majike walikuwa wazima, wanene. Tukakwambia mbele ya wanafunzi, "Mama, uji wako unatuharibia mayai." Kesho yake uliweka sufuria ya uji mlangoni, ukaondoka, na tangu hapo unaishia mlangoni.

Siku ya kumi na mbili tukatazama viinitete, nzi wachanga ndani ya mayai, kwa hadubini. Havikuwa na kichwa. Mkia huku, mkia huku. Kumbe alama ya kichwa huwekwa na mama ndani ya yai kabla hajalitaga, na majike wale hawakuwa na jeni ya kuiweka. Wao walipata vichwa kwa kuwa mama zao walikuwa nayo.

Uji haukuwa na kosa. Tukaandika makala, tukapigiwa makofi. Kwako hatukuja. Tulikupa asante ya punda.

CHANGAMOTO
Ni hiyo tu. Feni mbovu tumeifuta kwenye risala.

MAOMBI
Leo unastaafu, na hatutaki uende nyumbani na neno lile. Tusamehe, mama. Tumechelewa, tunajua. Sufuria yako tumeisugua, iko mezani kule ndani. Mlango uko wazi. Ukiona vyema, ingia uichukue kwa mkono wako. Usipoona vyema, tutakuletea hapa na hatutakulaumu.

Mungu akupe afya na usingizi mtamu.

Ni sisi watoto wako wa Chumba cha Nzi. Wamenichagua mimi kusoma, mama, kwa sababu neno lile lilitoka kinywani mwangu.