Kinanda cha Boksi

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya duka la Fundi Redio. Mwenzako akisimama ghafla, wewe wa pembeni unakwenda chini. Hapo ndipo tunapoirekebisha nchi kila jioni, vikombe vya kahawa mkononi, na nchi haina habari na sisi. Jana akatokea Mwalimu, yule anayefundisha muziki shule ya sekondari hapo juu. Juma zima lililopita alikuwa kwenye semina ya vitendo ya walimu wa muziki. Tulitegemea aje na mbwembwe. Akakaa kama mtu aliyetoka kuzika, na mimi nikakasirika kabla hajafungua mdomo, maana namjua, hanuni bure.

FUNDI REDIO: Haya Mwalimu, sasa unapiga kinanda?

MWALIMU: Napiga boksi.

FUNDI REDIO: Boksi gani tena?

MWALIMU: Boksi la karatasi. Kila mmoja alipewa lake na kalamu ya wino, akachora vitufe, vyeupe na vyeusi. Tukabonyeza juma zima. Mkufunzi anatuambia, sauti isikieni moyoni.

Mstaafu akakohoa. Huyu alikuwa karani maisha yake yote, na mpaka leo anaitetea ofisi kama mama mkwe wake.

MSTAAFU: Hiyo ni mbinu. Vinanda vipo stoo, vimefungiwa visiharibike.

FUNDI REDIO: Vikiharibika si nipo? Vimeshauzwa hivyo, mzee wangu. Stoo kuna panya tu, na panya nao wanalipwa posho.

MSTAAFU: Punguza mdomo. Labda wanabana umeme.

FUNDI REDIO: Basi na udereva wafundishe kwenye kiti cha jikoni.

Nikatoa langu: wanataka watoto wazoee kubonyeza wasisikie kitu, ili wakikua wabonyeze, wasubiri, wanyamaze.

MWALIMU: Hamjasikia bado. Siku ya kufunga kililetwa kinanda cha kweli, kwa heshima ya mgeni rasmi. Nikachaguliwa mimi. Nikapiga wimbo mzima. Mgeni rasmi akapiga makofi, mkufunzi akapiga makofi, walimu wenzangu wakasimama.

FUNDI REDIO: Si ndiyo hayo sasa.

MWALIMU: Kilikuwa hakijawashwa.

Fundi akaweka kikombe chini.

FUNDI REDIO: Na wewe hukugundua?

MWALIMU: Niliusikia wimbo, bwana. Wote. Nilipoinuka ndipo nikaona waya umelala sakafuni. Hicho ndicho kinachoniuma.

MSTAAFU: Lakini cheti umepata.

MWALIMU: Nimepata, mzee. Na Jumatatu wanafunzi wangu wana mtihani wa vitendo. Mtahini anakuja na kinanda chake, hicho kitawashwa. Wakifeli, somo linafutwa shuleni. Nilikwenda semina nikitumaini nitaazimwa kinanda hata kimoja, kibovu. Basi nimewachorea maboksi yao. Ningefanyaje?

Mstaafu akaanza kueleza kwamba mtahini naye huenda alifundishwa kwa boksi, kwa hiyo wataelewana. Akaona nyuso zetu, akaishia njiani.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja kuchukua redio yake kwa Fundi. Alipomwona Mwalimu akasogea.

– Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama yake yule binti mrefu wa darasa lako la muziki.

– Nzuri, mama. Namfahamu sana.

– Anajitahidi, mwanangu. Akitoka shule tu analitandika lile boksi mezani, anabonyeza, hataki hata kuitwa. Nimewakataza wadogo zake wasimsumbue. Ila kuna jambo nataka kukuuliza, uniwie radhi, mimi muziki siujui.

– Uliza tu, mama.

– Akikosea, anajuaje?

Mwalimu akatazama vidole vyake. Mstaafu, mwenye jibu la kila kitu, akageukia barabarani. Mama akasubiri kwa adabu, akidhani tunafikiria.

Fundi akaingia dukani kumletea redio yake. Akaiwasha kuijaribu, ikalia vizuri kabisa, naye akaizima haraka.